UZI: Hamira inavyokunja kromosomu zake na kuzigawa bila kuzikata

mpimaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Shuleni tulifundishwa kwamba seli ikigawanyika, nyuzi za pembeni huzivuta kromosomu mpaka zinaachana, basi. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata alama zako. Lakini mvutano ule huwa umeanza kitambo kabla kromosomu hazijaachana. Nyuzi zinavuta huku na kule, na kromosomu hazibanduki. Sasa nini hutokea sekunde ile zinapoachia? Na zikishaachia katikati, mikia yake mirefu iliyosokotana inafikaje upande wa pili bila kukatika?

Naomba tuijadili kwa kutumia hamira, maana majibu mengi ya maswali haya yametoka humo. Hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, ina kromosomu 16 na herufi za DNA kama milioni 12. Ukiziunga zote na kuzinyoosha unapata uzi wa milimita 4 hivi, uliofungiwa ndani ya kiini chenye upana wa maikromita 2 tu. Kabla ya mgawanyiko kila uzi unanakiliwa, kwa hiyo sasa ni milimita 8. Chakula kikiwepo na joto likiwa nyuzi 30, chembe moja inakuwa mbili kwa dakika kama 90.

Nianze na kinachozishika zisiachane. Ni protini iitwayo kohesini, yenye sehemu nne: Smc1, Smc3, Scc1 na Scc3. Smc1 na Smc3 ni mikono mirefu ya karibu nanomita 50 kila mmoja, imeshikana ncha moja. Ncha ya pili inafungwa na Scc1. Hapo umepata pete, na DNA mbili pacha, ya zamani na nakala yake, zinapita katikati ya pete hiyo. Mwaka 1997 kundi la Kim Nasmyth kule Vienna na kundi la Douglas Koshland kule Baltimore, kila moja kwa njia yake, walionyesha kwamba chembe ikikosa Scc1 pacha zinaachana kabla ya wakati.

Walionaje, wakati kromosomu za hamira ni ndogo kiasi hiki? Kundi la Nasmyth liliweka alama inayong'aa kijani sehemu moja ya kromosomu. Pacha zikishikana unaona nukta moja, zikiachana unaona mbili. Kitu chepesi hivyo ndicho kilichofungua uwanja mzima.

Sasa kukata. Kuna kimeng'enya kinaitwa separasi, kwenye hamira ni Esp1. Muda wote kinakaa kimeshikiliwa na mlinzi wake, sekurini. Wakati ukifika sekurini inaharibiwa, separasi inabaki huru, inaikata Scc1, pete inafunguka. Frank Uhlmann akiwa kwa Nasmyth alilionyesha hilo mwaka 1999: ukibadilisha sehemu mbili za Scc1 ambazo separasi hukata, pacha haziachani hata nyuzi zivute vipi.

Mwaka uliofuata wakaja na jaribio ninalolipenda kuliko yote. Walisimamisha chembe pale katikati, kila kitu kiko tayari ila sekurini haiharibiki, kwa hiyo separasi imefungiwa. Scc1 walikuwa wameipachika sehemu inayotambuliwa na kimeng'enya cha kirusi kinachoshambulia mimea ya tumbaku, kitu ambacho hamira haijawahi kukutana nacho. Jeni ya kimeng'enya hicho waliiweka chini ya swichi inayowashwa na sukari ya galaktosi. Wakatia galaktosi. Pete zikakatwa, nukta moja zikawa mbili, na kromosomu zikaelekea kila moja upande wake. Mkasi wa kigeni kabisa, ukitumika mahali palepale pa kukatia, uliwasha safari.

Nitaendelea na kukunja jioni. Maswali ruksa.

nyuzi68

Mkuu, asante kwa elimu. Ila hiyo pete nina wasiwasi nayo. Wanasayansi wanapenda kuchora kitu kizuri halafu wanakiamini. Nani aliiona DNA ikiwa ndani ya pete? Huenda kohesini inagandia tu pembeni, moja huku moja kule, zikashikana mikono.

kilabuni_kwetu

Mimi nimeona neno hamira nikajua uzi wa mambo yetu 😂 Nakaa hapa nasubiri.

mpimaji

@nyuzi68 swali halali, na watu walibishana kwelikweli. Jibu zuri ni la mwaka 2008. Kundi la Nasmyth lilitumia kromosomu ndogo za duara, za kutengeneza, ndani ya hamira. Kisha pete ya kohesini wakaiziba kwa kemikali kwenye viungo vyake vitatu vyote, ili isiweze kufunguka hata protini ikipoteza umbo lake. Wakaipasha moto kwenye sabuni kali, ile inayovuruga kila protini. Kama kohesini ilikuwa imegandia tu kwa nje, hapo kila kitu kingeachana. Duara mbili za DNA zikabaki pamoja. Ukiacha kiungo kimoja bila kuziba, zinaachana.

Kabla ya hapo, 2005, walishaonyesha kwamba ukiikata DNA ya duara ikawa uzi wenye ncha mbili, kohesini inachomoka yenyewe. Kitu kilichogandia hakijali kama DNA ni duara au ina ncha.

Wapo bado wanaosema kuna namna nyingine za kushika zinazofanya kazi pembeni ya hiyo. Sawa, nafasi ipo. Ila mchoro wa pete umepita mtihani mgumu.

nyuzi68

Hapo kwenye sabuni umenimaliza. Endelea.

mwl_biolojia

Ndugu mpimaji, mimi nafundisha Kidato cha Tano na Sita. Muhtasari unasema utando wa kiini huyeyuka kabla kromosomu hazijaanza kuvutwa. Kwenye hamira inakuwaje? Na sentromia yake iko kama ya kwetu?

mpimaji

Mwalimu, hamira haivunji utando wa kiini. Mgawanyiko wote unafanyika ndani ya kiini kilichofungwa, kinarefuka mpaka kinabanwa katikati na kuwa viwili. Kwa hiyo nyuzi za kuvuta, mikrotubuli, nazo ziko humohumo ndani. Sentromia yake, yaani sehemu ya kromosomu inayoshikwa na nyuzi hizo, ni fupi ajabu, herufi kama 125 tu, na kila moja inashikwa na mikrotubuli moja pekee. Za binadamu zina urefu wa mamilioni ya herufi na zinashikwa na mikrotubuli nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo wanafunzi wako waambie utando huyeyuka kwa wanyama na mimea, kuvu wengi wana utaratibu wao.

mkulima_njombe

Habari wakuu. Nasoma kwa makini ila nauliza kama kawaida yangu: hii inanifaa nini mimi na viazi vyangu?

mpimaji

@mkulima_njombe mzee wangu, umewahi kusikia benomili? Dawa ya ukungu iliyotumika sana mashambani miaka ya nyuma. Kazi yake ni kuharibu mikrotubuli za kuvu. Sasa hamira nayo ni kuvu. Mwaka 1991 maabara mbili za Marekani, ya Andrew Murray na ya Andrew Hoyt, zilitumia dawa za jamii hiyo kutafuta jeni zinazoiambia chembe "subiri kwanza". Hamira ya kawaida ukiipa dawa kidogo inasimama, inangoja mpaka kila kromosomu ishikwe. Walitafuta hamira zisizojua kusubiri, zinazogawanyika kibubusa na kufa. Ndipo zikapatikana jeni za Mad na Bub.

Zinaunganika na tulichoanza nacho hivi: kromosomu hata moja ikiwa haijashikwa, Mad na Bub zinaizuia protini Cdc20. Bila Cdc20, ile mashine ya kuitia sekurini alama ya kuharibiwa haifanyi kazi. Sekurini ikibaki, separasi haikati. Zote zikishikwa, breki inaachiwa, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma kwa sababu pete iliyokatwa haiungiki.

mkulima_njombe

Kumbe tulikuwa tunapulizia mitosi. Haya, endelea na jioni yako.

mpimaji

Sehemu ya pili, kukunja. Hapa ndipo nina ugomvi na vitabu.

Vitabu vinaweka kukunja kwanza, kutenganisha baadaye, kana kwamba kukunja ni kufungasha mizigo kabla ya safari. Kwenye hamira unaona wazi kwamba kukunja ni sehemu ya kutenganisha kwenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kromosomu zikiwa tayari njiani.

Mkunjaji ni kondensini, ndugu wa kohesini. Nayo ina mikono miwili ya jamii ya SMC, Smc2 na Smc4, na wenzake watatu: Brn1, Ycs4 na Ycg1. Tatsuya Hirano ndiye aliyeitenga yote mwaka 1997, kwenye mayai ya chura, baada ya kuzikuta sehemu zake za kwanza akiwa na Timothy Mitchison mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1994, kundi la Mitsuhiro Yanagida kule Kyoto lilikuwa limezipata protini hizohizo kwa njia tofauti kabisa, ndani ya hamira nyingine, Schizosaccharomyces pombe. @kilabuni_kwetu hiyo ni yako, sogea karibu. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina likabaki hivyo kwenye kila maabara duniani.

Hamira hii ina umbo la kijiti. Inarefuka mpaka kama maikromita 14, halafu ukuta unajengwa katikati na kuigawa chembe mbili. Ina kromosomu tatu tu, ndefu, na kwa hadubini unaziona zikinenepa. Yanagida na wenzake walikusanya hamira zenye kasoro, zinazoishi vizuri kwenye joto la kawaida lakini ukizipandisha nyuzi 36 zinaharibika. Walichokiona kwenye baadhi yake kinatisha kidogo: sentromia zinavutwa kwenda ncha mbili kama kawaida, ila mikono ya kromosomu inabaki nyuma, imetandazwa katikati kama utando mwembamba. Ukuta hausubiri. Unajengwa palepale na kukata juu ya DNA. Jeni hizo wakazipa jina cut. Cut3 na Cut14 ndizo sehemu mbili za kondensini, mikono yenyewe. Cut1 ikaja kuwa separasi, na Cut2 sekurini. Yaani anayekunja na anayekata wote walipatikana kwenye kapu moja, kwa sababu kasoro zao zinaishia mahali pamoja.

binti_pangani

Subiri kaka. Kama separasi imeshakata pete zote, hiyo mikono inabaki nyuma kwa nini? Si imeshaachiwa?

mpimaji

Swali lako dada ndilo kiini cha uzi.

Pete zikikatwa, DNA zenyewe bado zimesokotana. Wakati wa kunakili, uzi na nakala yake huzungukana. Kimeng'enya topoisomerasi II ndicho kinachofungua: kinakata DNA moja, kinapitisha nyingine kwenye ufa, kisha kinaziba. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho peke yake hakijui upande. Kinaweza kufungua fundo, kinaweza pia kufunga jipya. Kondensini ikivuta kila pacha ikakusanyika upande wake, mafundo yanakosa nafasi ya kurudi, na topoisomerasi inaishia kufungua tu.

Ushahidi mzuri uko kwenye kromosomu ya 12 ya hamira ya mikate. Humo kuna jeni za RNA ya ribosomu (mashine za seli za kutengeneza protini) zilizojirudia mara 100 hadi 200, kila rudio herufi kama 9,100. Piga hesabu, ni herufi kati ya milioni moja na mbili mahali pamoja. Eneo hilo ndilo la mwisho kuachana. Mwaka 2004 makundi mawili, la Uhlmann na la Angelika Amon, walionyesha kwamba kuikata kohesini hakutoshi hapo. Wale wa Uhlmann walirudi kwenye mkasi ule wa kirusi cha tumbaku: pete zimekatwa, sentromia zimeondoka, eneo la ribosomu limekwama palepale. Kilichokosekana ni kimeng'enya Cdc14, ambacho kwa kawaida huachiwa baada ya mgawanyiko kuanza, na kazi yake mojawapo hapo ni kuiwezesha kondensini kulikunja eneo hilo. Wakiiwasha Cdc14, eneo linakunjika na kuachana. Baadaye ikaonekana pia kwamba Cdc14 huzima usomaji wa jeni hizo, kwa sababu mashine za kusoma zikiwa juu ya DNA kondensini haipati nafasi ya kukaa.

Sasa niambieni, hapo kukunja kumetangulia kutenganisha au ndiko kunakotenganisha?

mwl_biolojia

Nimekuelewa, japo muhtasari hautanielewa mimi. Kondensini yenyewe inakunja kwa nguvu gani? Wanafunzi wataniuliza.

mpimaji

Inavuta vitanzi, mwalimu, kwa nishati ya ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kwa miaka mingi lilikuwa wazo tu. Mwaka 2018 kundi la Cees Dekker kule Delft, Uholanzi, wakiwa na Christian Haering wa Heidelberg, walichukua kondensini ya hamira na kuitazama ikifanya kazi. Waliufunga uzi mmoja wa DNA ncha zote mbili juu ya kioo, ukiwa umelegea, wakautia rangi inayong'aa. Wakaongeza kondensini na ATP. Sehemu moja ya uzi ikaanza kung'aa zaidi, kidoa. Wakapitisha maji kwa ubavu, kidoa kikafunguka: ni kitanzi, na kinakua huku unakitazama. Kasi ilifika herufi 1,500 kwa sekunde. Ukiondoa ATP hakitokei kitu.

Kingine kilichowashangaza ni kwamba inavuta upande mmoja tu. Upande wa pili imejishikiza, haisogei. Ni kama mtu anayevuta ndoo kisimani: amesimama palepale, kamba ndiyo inayojikusanya miguuni pake.

nyuzi68

Nguvu yake ni kubwa kiasi gani? Naona kama injini ndogo.

mpimaji

Ndogo mno. Ukiunyoosha uzi kidogo tu, kuvuta kunasimama. Protini nyingine zinazotembea ndani ya seli zina nguvu kuliko hiyo kwa mbali. Hii inafidia kwa hatua kubwa: ATP chache, DNA ndefu.

Na kuna jambo la vipimo ambalo huwa halisemwi sana. Mwaka 2011 kundi la Yves Barral kule Zurich liliunganisha kromosomu mbili za hamira kuwa moja ndefu kupita kawaida. Mtu angetegemea mkia ubaki katikati ukakatwa. Chembe ikaikunja zaidi kromosomu ile, ikafika. Kazi hiyo iliitegemea kondensini na kimeng'enya Ipl1 ambacho wakati huo hukaa katikati ya nyuzi za kuvuta, kana kwamba pale katikati kuna rula: DNA iliyochelewa kupita inapewa amri ya kujikunja zaidi.

Halafu 2018 zikatoka habari mbili kwa pamoja. Kundi la Shanghai liliziunga kromosomu zote 16 kuwa moja, na kundi la Jef Boeke kule New York likafika kwenye mbili. Ile yenye kromosomu moja iliishi na kukua karibu kama kawaida, ingawa ukiishindanisha na hamira ya kawaida kwenye chombo kimoja inaachwa nyuma.

chai_ya_kericho

Hii ni noma. Sasa kwa binadamu mambo ni yaleyale? Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi.

mpimaji

Mashine ni zilezile dada, au kaka, samahani sijui. Kohesini, separasi, sekurini, kondensini, Mad na Bub, zote tunazo. Tofauti ni kwamba sisi tuna kondensini za aina mbili, moja ipo ndani ya kiini tangu mapema na nyingine inaingia utando ukivunjika.

Kwa wodi yako kuna mambo mawili. Kwenye kutengeneza mayai na mbegu, Scc1 inabadilishwa na nyingine iitwayo Rec8. Kwa mwanamke, pete hizo huwekwa kwenye mayai yake angali tumboni mwa mama yake, na zinatakiwa kushika mpaka siku yai linapokomaa, miaka 20, 30 au 40 baadaye. Kuchoka kwa pete hizo ni moja ya sababu kubwa zinazotajwa kwa nini watoto wenye kromosomu ya 21 ya ziada huongezeka umri wa mama ukienda.

La pili, protini inayoisaidia kohesini kukaa kwenye DNA kwenye hamira ni Scc2. Ya binadamu inaitwa NIPBL, na mwaka 2004 ilionekana kwamba kasoro kwenye jeni yake husababisha ugonjwa wa Cornelia de Lange: watoto wenye nyusi zilizoungana, mikono mifupi, ukuaji wa polepole. Ajabu ni kwamba kromosomu zao nyingi zinaachana vizuri tu. Kinachovurugika zaidi ni usomaji wa jeni, kwa sababu kohesini nayo huvuta vitanzi, kazi ambayo haihusiani na mgawanyiko. Hiyo inahitaji uzi wake.

chai_ya_kericho

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwa hiyo dada. Asante, hiyo ya Rec8 nimeichukua.

kilabuni_kwetu

Kwa hiyo kwenye kata moja ya pombe kuna kondensini ngapi zinavuta?

mpimaji

Zikishamaliza sukari zinapumzika, mzee. Kama wewe.

mwl_biolojia

Ndugu, la mwisho. Shule yetu ina hadubini moja ya kukuza mara 400. Naweza kuwaonyesha wanafunzi chochote katika haya?

mpimaji

Hamira ya dukani kwenye maji ya uvuguvugu na sukari, baada ya saa moja hivi tia tone chini ya kioo. Chembe zenye vichipukizi wataziona. Kromosomu hawataziona, ni ndogo mno kwa hadubini hiyo.

Kwa kromosomu tumia kitunguu maji. Kwa bahati tu nacho kina kromosomu 16, lakini DNA yake ni zaidi ya mara 1,000 ya hamira, kwa hiyo zinaonekana nene. Kikalishe juu ya glasi, kitako kiguse maji, siku mbili tatu mpaka mizizi itoke. Kata ncha za mizizi, milimita mbili za mwisho tu, huko ndiko kunakogawanyika. Zilowekwe kwenye asidi ya HCl iliyozimuliwa ikiwa ya moto kidogo, dakika tano hivi, ili seli ziachane. Suuza, tia rangi ya asetokamini au aseto-orsini, funika kwa kioo chembamba, weka karatasi juu na ubonyeze kwa kidole gumba bila kutelezesha. Asidi uishike wewe mwenyewe, wasiachiwe vijana.

Wakipata seli ambayo mikono ya kromosomu bado inaburuzwa nyuma ya sentromia, piga picha uiweke hapa.